Leseni ya Kenya ukihamia ng'ambo: kutambuliwa, kubadilishiwa na kurudia mtihani si kitu kimoja

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alikuja nyumbani hapa Malindi na kikadi cha plastiki mkononi, furaha tele, akaniambia kaka we, leseni ya kimataifa hii hapa, nimelipa elfu 15, nikishuka Dubai tu naendesha. Nikaishika nikaigeuza. Mbele picha yake, nyuma mchoro wa dunia na maandishi ya lugha sita saba hivi, na kwenye kona ya chini imeandikwa inatumika miaka 10. Nilipoiona hiyo 10 nikanyamaza, manake hapo hapo nilijua pesa yake imeliwa na sikujua nianzie wapi kumwambia.

Aliemuuzia ni wakala wa mtaani tu, na uchungu wangu ni kwamba mdogo wangu si mjinga, ana leseni halali ya Kenya miaka 8 sasa, ameendesha matatu za Malindi-Mombasa, gari anaijua. Kilichomponza ni haya maneno yanayozunguka barazani na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mmoja atakwambia leseni ya Kenya inakubalika dunia nzima tumesaini mkataba, mwengine atakwambia haina thamani ukivuka Lungalunga, mwengine ana shemeji yake kabadilishiwa London bila kuulizwa swali hata moja. Na ubaya wa haya maneno ni kwamba kila moja lina kipande cha ukweli ndani yake, ndio mana yanaaminika.

Tuelewane maneno kwanza, kuna mambo manne watu wanayachanganya.

Kutambuliwa ni pale nchi uliyokwenda inapokuruhusu uendeshe kwa leseni yako ya nyumbani vile vile ilivyo, kwa muda. Kubadilishiwa ni pale unapowapa yako wao wanakupa ya kwao, bila mtihani au kwa mtihani mdogo tu. Kuanza upya ni pale wanapokwambia vizuri, umeendesha kwenu, lakini hapa fanya mtihani wetu kama wengine. Halafu kuna ile inayoitwa leseni ya kimataifa, ambayo kusema kweli hata si leseni, ni tafsiri. Ni kijitabu kinachosema kwa lugha kadhaa kwamba huyu bwana ana leseni ya kwao ya aina fulani. Kwa Kenya wanaotoa ni AA Kenya, kile chama cha wenye magari, unakwenda na leseni yako hai, na huko unakokwenda lazima uwe na vyote viwili, kijitabu na leseni yenyewe, kimoja bila kingine hakikusaidii. Na chini ya mkataba wa Vienna hakiwezi kuzidi miaka 3, wala hakiwezi kuishi zaidi ya leseni iliyokizaa. Ndio mana ile 10 ilinitosha.

Sasa huo mkataba. Upo kweli, ni mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, na Kenya tulijiunga 2009. Italia imo, Ujerumani imo, Emirates, nchi yenye Dubai, imo, Saudia imo, Uingereza waliutia saini zamani wakakaa nao mpaka 2018 ndio wakauridhia, ukaanza kufanya kazi kwao 2019. Kwa hivo anaesema tumesaini anasema kweli. Lakini watu hawasomi mbele. Kifungu cha 41, hicho hicho kinachosema nchi zitambuliane leseni, kinasema pia hakuna nchi inayolazimika kutambua leseni ya mtu ambae ameshahamishia makazi yake kwao. Hapo ndipo mambo yote yanapopindukia. Mkataba umeandikwa kwa ajili ya msafiri. Mhamiaji umemwachia kila mwenye nchi aamue mwenyewe.

Wazee wetu walishalisema hili bila mkataba, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukiwa mgeni unakaribishwa na leseni yako, hakuna anaekuuliza. Ukishaweka godoro, ukawa mtu wa hapo, unapewa jembe ulime kama wenyeji wanavyolima. Na swali unalotakiwa ujiulize kabla hata hujakata tiketi ni hili, kwao siku ya tatu inafika lini?

Inafika kwa nyakati tofauti. Uingereza wanakupa miezi 12 tangu uwe mkazi. Italia ni mwaka mmoja tangu uandikishwe ukazi kwenye manispaa, na huo mwaka wote leseni yako iwe na tafsiri rasmi au kile kijitabu. Ujerumani miezi 6 tu. Emirates ndio haraka kuliko wote, mwenye viza ya kutembea anaweza kuendesha na kijitabu chake, lakini siku unayopata ukazi, kama nchi yako haiko kwenye orodha yao ya kubadilishiana, leseni yako ya nyumbani imekwisha kazi pale. Kenya hatumo kwenye hiyo orodha. Mdogo wangu anakwenda kwa viza ya kazi, kwa hivo hata angekuwa na kijitabu halali cha AA kisingemfikisha mbali.

Na hapa kuna kosa ambalo nimeliona kwa watu wangu wa karibu. Mtu anadhani saa inaanza kila anapoingia nchini, kwa hivo miezi 11 ikishapita anakuja Malindi kusalimia, anakula pilau ya harusi mbili tatu, anarudi Uingereza na matumaini kwamba amepata miezi 12 mipya. Hakuna. Hesabu ilianza siku alipokuwa mkazi na inaendelea hata akiwa huku amelala chini ya mwembe. Mwengine anaangalia tarehe kwenye kadi yake, imeandikwa inaisha miaka miwili mbele, anasema si bado iko hai? Iko hai ndio, kwa Kenya. Kule kinachohesabiwa ni ukazi wake.

Tuje kwenye swali linalowachoma watu zaidi, kwa nini wengine wanabadilishiwa na sisi hapana. Nenda forex yoyote pale mjini. Ubaoni kuna euro, dola, pauni. Wewe umekuja na birr za Ethiopia, pesa halali kabisa, Addis unanunulia nyumba, lakini haiko ubaoni. Yule dada wa dirishani hasemi pesa yako ni feki, wala hasemi wewe ni maskini, anasema tu hii sisi hatubadilishi. Leseni ni vivyo hivyo. Kinachobadilishwa pale si ujuzi wako, ni uaminifu baina ya serikali mbili, kama wao wameangalia mtihani wa kwenu unavyofanywa, nani anafundisha, rekodi zinawekwa vipi, na kama kuna makubaliano. Dereva mmoja mmoja haingii kwenye hesabu hiyo hata awe na miaka 30 barabarani.

Ubao wa Uingereza una Afrika Kusini, Zimbabwe, Japani, Canada, Australia, New Zealand, Singapore na wengine, na tangu 2021 wakaongeza Emirates na Ukraine. Kenya hatumo. Na kuna hoja naisikia sana kwamba sisi ni Commonwealth kwa hivo lazima watubadilishie. Zimbabwe walitoka Commonwealth 2003 na wamo kwenye orodha, sisi hatujatoka hata siku moja na hatumo, kwa hivo hiyo hoja iwekeni chini jamani. Yule shemeji wa London aliebadilishiwa, ukichunguza utakuta leseni aliyoibadilisha haikuwa ya Kenya.

Binamu yangu yuko Leicester. Huku alikuwa dereva wa lori, Mombasa-Garsen-Lamu, barabara ambayo ilikuwa ikinyesha mvua pale Gamba unalala siku tatu kwenye tope. Alipofika Uingereza akaendesha kwa leseni ya Kenya akijua ana miezi 12, na hilo ni halali, lakini akakaa nayo mpaka miezi 10 ikapita ndio akaanza kutafuta mtihani. Foleni ya mtihani wa barabarani kule inakwenda kwa miezi. Mwaka ukamkuta hajafanya, na siku ya pili yake akawa mwanafunzi kisheria, vibao vya L mbele na nyuma, na pembeni yake lazima akae mtu wa miaka 21 kwenda juu mwenye leseni miaka 3 au zaidi. Mtu wa malori, anasindikizwa dukani na mke wa rafiki yake. Akiendesha peke yake hana leseni ya kumruhusu, na bima pia inaanguka, na kule kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, gari nalo linaweza kuchukuliwa.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Unaomba DVLA, ofisi yao ya leseni, ile leseni ya mwanafunzi, pauni 34 kwa mtandao, na uwe na ruhusa ya kukaa nchini siku 185 au zaidi. Unafanya mtihani wa maswali pauni 23, maswali 50 upate 43, halafu video unazobonyeza unapoona hatari inaanza kujitokeza, unatakiwa upate 44 kati ya 75. Kisha barabarani, pauni 62 siku za kazi. Jambo la muhimu ambalo angelijua mapema, ule mwaka wa kwanza leseni yako ya Kenya inakuruhusu kuendesha mwenyewe bila L huku ukiwa umeshaomba ya mwanafunzi na unajitayarisha. Kwa hivo omba ndani ya mwezi wa kwanza tangu ufike, usingoje.

Mtihani wa kwanza alianguka. Alinitumia voice note usiku, sauti imekatika, anasema nimeendesha dakika 40 sijagusa hata ukingo wa barabara, gari imetulia kama mashua ya Matondoni, na yule bwana kando yangu haongei, anagusa tu kile kitableti chake. Aliponionyesha, kosa lilikuwa kwenye makutano, hakuangalia vizuri kulia kabla ya kutoka. Akasema niliangalia! Niliangalia kwa jicho! Na hapo ndipo nilipoelewa, sisi huku tunaangalia kwa jicho na masikio, mwenye lori anasikia tuktuk kabla hajaiona, lakini kule mkaguzi anataka kuona kichwa chako kinageuka. Kushindwa kuangalia kwenye makutano ni moja ya sababu kubwa zinazowaangusha watu kule, Waingereza wenyewe wakiwemo. Akachukua mwalimu masaa manne tu, si wa kumfundisha gari, wa kumfundisha mtihani, akapita mara ya pili. Na nawaambia wenye uzoefu, hayo masaa manne msiyaone ni matusi.

Italia nako kugumu kwake kuko mahali pengine kabisa. Halati yangu ni mtu wa Lamu kisiwani, alikokulia yeye usafiri ni punda na mashua, gari alijifunza hapa Malindi akiwa mtu mzima na watoto wawili. Kitaliano alikiokota Watamu kwenye duka la vikoi, anakiongea mpaka Wataliano wenyewe wanamwuliza umesoma wapi. Alipoolewa akahamia huko akadhani mtihani atapita kama maji. Kenya haina makubaliano na Italia ya kubadilishana, Morocco wanayo, Tunisia wanayo, Ufilipino wanayo, sisi hatuna, kwa hivo ukishapita mwaka ni mtihani kamili. Maswali 30 ya kweli au si kweli, dakika 20, ukikosa 4 umeanguka. Na yako kwa Kitaliano, kwenye mikoa michache ya mpakani ndio unaweza kupata Kijerumani au Kifaransa.

Kitaliano cha kuuza vikoi hakina neno carreggiata. Wala corsia, wala banchina. Carreggiata ni ile barabara yote magari yanapopita, corsia ni njia moja ya magari ndani yake, banchina ni ile kando nje ya mstari mweupe. Swali moja linabadilisha carreggiata na corsia tu, jibu linageuka kutoka kweli kuwa si kweli. Alikosa 7 mara ya kwanza. Sasa ameweka daftari jikoni, upande mmoja anaandika neno, upande wa pili anachora barabara kwa mkono wake mwenyewe na Kiswahili chake, na mimi nadhani hiyo ni njia nzuri kuliko programu zote za simu alizonunuliwa. Ujerumani kwa hili wana afadhali, mtihani wa maswali unaweza kuufanya kwa Kiingereza au hata Kiarabu.

Kitu kingine hakuambiwa ni kwamba akipita atahesabiwa dereva mpya. Italia dereva mpya kwa miaka 3 hazidishi kilomita 100 kwa saa kwenye autostrada, zile barabara kuu za kasi, hata kama huku aliendesha miaka 12. Uingereza pia, miaka 2 ya kwanza ukifikisha pointi 6 leseni inafutwa unarudi mwanzo. Uzoefu wako haupotei mikononi, lakini kwenye makaratasi yao umezaliwa jana.

Kuna ujanja unaozungumzwa sana, kwamba nenda nchi rahisi ubadilishiwe kule halafu uhamie nchi ngumu na leseni mpya. Ulaya walishaufikiria. Ukibadilishiwa leseni ya nje ndani ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya, kwenye kadi mpya wanaandika namba 70 na alama ya nchi ilikotoka, na ukihamia nchi nyengine ya umoja huo hawalazimiki kuitambua. Uingereza nao, leseni ya nchi iliyo kwenye ubao wao wanataka uwe uliipata kwa kufanya mtihani huko huko. Lakini hapa kuna njia ya halali ambayo watu wa Ghuba hawaijui, kama ulifanya mtihani Emirates ukapita, leseni hiyo ya Emirates ukihamia Uingereza unaweza kubadilisha. Kwa hivo jasho la Dubai linaweza kukufaa mbele.

Na Dubai wenyewe si wakali kama inavyosemwa. Mwenye leseni ya nyumbani masaa ya darasa yanapunguzwa kulingana na leseni yake ina umri gani, na tangu 2023 wametoa nafasi ya mara moja, ufanye mtihani moja kwa moja bila darasa, ukianguka ndio unaingia darasani kama wengine. Sasa utaonyesha vipi umri wa leseni? Hapa ndipo nawaomba, kile kitabu chekundu cha zamani, kile kidogo cha picha ya kubandika, msikitupe eti kwa sababu mumepata smart card. Kadi mpya ni ya juzi, kitabu chekundu ndio ushahidi wa miaka yako. Na ukiwa utahitaji barua ya NTSA, mamlaka inayotoa leseni zetu, ya kuthibitisha leseni, ichukue ukiwa bado uko huku, pamoja na muhuri wa Foreign Affairs kama nchi uendayo inautaka, manake kumtuma mtu akufuatilie ukiwa mbali ni mateso na ni gharama. Hakikisha pia leseni haiishi ukiwa katikati ya ule muda wa ugeni, ikifa ya nyumbani na ruhusa ya kule inakufa nayo. Na ukifanya mtihani wa kule badala ya kubadilishiwa, ya Kenya unabaki nayo, endelea kuilipia, siku ukirudi likizo unaendesha mwenyewe.

Haya yote yanawahusu na wageni wetu pia. Kuna mzee wa Kitaliano upande wa Casuarina, tunaheshimiana sana, anakaa hapa mwaka mzima ana kibali, ana mbwa, ana shamba la miembe, na leseni yake bado ya Italia. Nilimwambia kwa upole, mzee, wewe si mgeni tena hapa, nenda NTSA na tafsiri ya Kiingereza uanze utaratibu, usingoje siku umegongana na bodaboda ndio bima ikuulize. Alishangaa kidogo, manake alijua sheria ya ukazi ya kwao kwa kichwa, hakuwahi kufikiria kwamba inamgeukia na yeye.

Mdogo wangu anaondoka Alhamisi. Tumekaa jana usiku tukapanga bahasha, kitabu chekundu, smart card, barua ya NTSA, nakala mbili mbili. Nikamwambia sasa mpigie tajiri wako wa Dubai kabla hujapanda ndege, muulize mambo mawili, mtihani analipa nani, na kabla sijapata leseni ya huko mshahara wangu unahesabiwaje. Alikuwa anaona haya, nikakaa nae mpaka akapiga. Mtihani tajiri atalipa mara moja, akianguka darasa watagawana nusu kwa nusu, na mpaka apate leseni atafanya kazi ya stoo kwa mshahara ule ule. Nikamwambia mwambie ayaandike kwa message. Yakaja baada ya isha.